Jinsi ya Kusoma Jedwali la Elementi

Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili ili nizungumze na wadogo zangu wa vidato vya chini, na pia na wanafunzi wa zamani ambao huenda wamekwisha kuisahau kemia yao, juu ya ile karatasi kubwa inayoning'inia ukutani katika maabara yetu.

Naandika kwa sababu moja. Kila jioni, saa ya kujisomea, nawasikia vijana wa kidato cha kwanza na cha pili wakiimba: hidrojeni, heliamu, lithiamu, beriliamu, mpaka wafike kalsiamu, kisha hurudi mwanzo. Ukimwuliza mmoja wao kwa nini sodiamu, inayofuata neoni katika wimbo, imeshushwa mstari wa chini na kupelekwa mpaka upande wa kushoto, hunyamaza. Kijana mmoja wa kidato cha pili, ambaye nia yake ni kuwa mganga wa hospitali, alisema mbele yangu kwamba kemia ni somo la watu wenye vichwa vya kukumbuka, naye hana kichwa cha namna hiyo, kwa hiyo ataiacha mara tu atakapopata ruhusa. Neno hilo lilinihuzunisha, maana huyo ni mtu wa kufikiri sana, na jedwali lile lilitengenezwa ili kumpunguzia mtu kazi ya kukumbuka.

Basi ninalotaka kuonyesha ni hili. Mahali elementi ilipowekwa katika jedwali ni kama anwani yake, na mtu aliyejua kusoma anwani hiyo aweza kutabiri tabia ya elementi ambayo hajapata kuiona kwa macho. Tuanze na maana ya elementi yenyewe.

1. ELEMENTI NA ATOMU

Chukua maji. Ukipitisha umeme ndani yake kwa vyombo vifaavyo, utapata gesi mbili, yaani hidrojeni na oksijeni. Maji, basi, yametenguka. Lakini hidrojeni yenyewe hutaweza kuitengua tena kwa njia yoyote ya kemia ukapata vitu viwili. Kitu cha namna hii ndicho tunachokiita elementi. Shaba iliyochimbwa Kilembe ni elementi. Dhahabu ni elementi, na kaboni iliyo katika makaa ni elementi pia. Chumvi ya Katwe si elementi, kwa maana chumvi safi ni sodiamu na klorini zilizoungana, na ile inayotoka ziwani huwa imechanganyika na vitu vingine vilevile.

Leo zinajulikana elementi 118. Zilizo nyingi hupatikana duniani zenyewe, na nyingine zimetengenezwa na wataalamu katika maabara. Nne za mwisho kupewa majina zilipewa mwaka 2016, na ya 118 inaitwa oganesoni.

Kipande kidogo kabisa cha elementi ambacho bado ni elementi hiyo huitwa atomu. Udogo wake hausadikiki. Atomu za hidrojeni milioni kumi zikipangwa mstari mmoja, urefu wa mstari huo hauzidi sana milimita moja. John Dalton, mwalimu wa Uingereza, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1808 kwamba kila elementi ina atomu zake, zilizo mbali na atomu za elementi nyingine kwa uzito. Yeye alidhani kwamba atomu haigawanyiki. Waliomfuata waliona kwamba ndani yake mna mambo mengi.

2. NDANI YA ATOMU

Mwaka 1897 J. J. Thomson, huko Cambridge, aligundua chembe nyepesi mno yenye chaji hasi ya umeme, ikaitwa elektroni. Miaka michache baadaye Ernest Rutherford, mtu wa Nyuzilandi aliyekuwa akifundisha Manchester, aliwaagiza wasaidizi wake wawili, Geiger na Marsden, warushe chembe zenye chaji chanya kwenye utando mwembamba sana wa dhahabu. Karibu zote zilipenya kana kwamba mbele yake hapana kitu. Lakini chache, chache sana, ziligeuka zikarudi zilikotoka. Rutherford akatafakari. Ikiwa nyingi hupita, basi atomu kwa sehemu kubwa ni nafasi tupu. Ikiwa chache hurudishwa kwa nguvu, basi mahali fulani katikati pana kitu kidogo, kizito, chenye chaji chanya. Mwaka 1911 alitangaza habari za kitu hicho, nacho ndicho kiini cha atomu.

Ili upate picha ya nafasi hiyo tupu, fikiri kwamba kiini cha atomu ya kaboni ni punje moja ya mtama, nawe umeiweka katikati ya uwanja wetu wa mpira. Elektroni za nje zingekuwa huko kwenye magoli. Kati ya punje na magoli hamna kitu ila elektroni hizo chache.

Katika kiini mna chembe za namna mbili. Protoni ina chaji chanya. Nyutroni, iliyogunduliwa na James Chadwick mwaka 1932, haina chaji, na uzito wake ni karibu sawa na wa protoni. Elektroni ina chaji hasi, na ni nyepesi kiasi kwamba huhitajiwa elektroni 1,836 hivi kulingana na uzito wa protoni moja. Katika atomu nzima idadi ya elektroni ni sawa na idadi ya protoni, kwa hiyo chaji chanya na chaji hasi hulingana, na atomu haionekani kuwa na umeme.

Sasa lishike neno hili, kwa kuwa ndilo msingi wa yote yajayo. Idadi ya protoni ndiyo inayoipa elementi jina lake. Atomu yenye protoni 6 ni kaboni, wala haiwezi kuwa kitu kingine. Yenye protoni 7 ni nitrojeni. Yenye 79 ni dhahabu. Idadi hiyo huitwa namba ya atomu, nayo ndiyo namba nzima unayoiona katika kila chumba cha jedwali.

Nyutroni zaweza kuongezeka au kupungua bila kubadili jina. Kaboni iliyo nyingi ina nyutroni 6, na kwa kuwa 6 na 6 ni 12, huitwa kaboni-12. Iko pia kaboni-14, yenye protoni 6 zilezile na nyutroni 8. Ndugu hawa wa jina moja na uzito mbalimbali huitwa isotopu. Klorini tunayoitumia ni mchanganyiko wa klorini-35 na klorini-37, na ya kwanza ndiyo iliyo nyingi zaidi. Ndiyo maana jedwali linaandika uzito wake 35.5. Usidhani kwamba iko atomu yenye nusu ya nyutroni. Hiyo ni wastani tu.

3. MAGANDA YA ELEKTRONI

Elektroni hazikai ovyo. Zimepangwa katika maganda, moja nje ya jingine. Fikiri bweni lenye vyumba. Chumba cha kwanza, kilicho karibu na kiini, kina vitanda 2 tu. Cha pili kina vitanda 8. Cha tatu kina vitanda 18, lakini vikisha kujaa 8 vya kwanza, elektroni mbili zinazofuata huenda kulala chumba cha nne kwanza, ndipo nyingine zirudi kuvijaza vile 10 vilivyosalia. Jambo hili tutalihitaji baadaye.

Kwa elementi 20 za kwanza hesabu ni nyepesi. Oksijeni ina elektroni 8, basi huandikwa 2, 6. Neoni ina 10, yaani 2, 8. Sodiamu ina 11, yaani 2, 8, 1. Klorini ina 17, yaani 2, 8, 7. Potasiamu ina 19, yaani 2, 8, 8, 1.

Vitabu vingine huchora elektroni zikikizunguka kiini kama dunia ilizungukavyo jua. Tangu miaka ya 1920 imejulikana kwamba elektroni haina njia moja iwezayo kuchorwa, bali tunaweza kusema tu ni wapi inaelekea kupatikana zaidi. Hata hivyo kwa kuhesabu na kwa kuelewa jedwali, picha ya maganda hutufaa sana.

Atomu zinapokutana, viini havigusani. Kinachokutana ni maganda ya nje. Kwa hiyo tabia ya elementi katika kemia hutokana hasa na idadi ya elektroni katika ganda lake la nje kabisa. Heliamu ina ganda lililojaa, yaani 2. Neoni na argoni zina 8 katika ganda la nje, nazo zimetulia. Hazitaki kutoa wala kupokea, ndiyo sababu argoni hutiwa ndani ya taa za umeme ili waya wenye moto usiungue.

Sodiamu ina elektroni moja tu nje, na yenyewe hutulia ikiitoa. Klorini ina saba, na hutulia ikipata moja. Zikikutana, ya kwanza hutoa na ya pili hupokea. Sodiamu iliyopoteza elektroni hubaki na chaji chanya, klorini iliyoipata huwa na chaji hasi, na zote mbili hushikamana kwa nguvu za umeme. Hiyo ndiyo chumvi tunayotia katika maharage. Angalia ajabu yake. Sodiamu ni metali inayochemka na kutoa moto ikitupwa majini. Klorini ni gesi ya sumu iliyotumiwa kuua askari huko Ypres, Ubelgiji, mwezi wa Aprili 1915. Kwa kuhama elektroni moja tu, vitu hivi viwili vya hatari vimekuwa chakula. Hata hivyo sodiamu ingali sodiamu, kwa kuwa protoni zake 11 hazikuguswa.

4. MENDELEEV NA VYUMBA VITUPU

Haya yote hayakujulikana wakati jedwali lilipotengenezwa. Dmitri Mendeleev, aliyezaliwa Siberia mwaka 1834, alikuwa mwalimu wa chuo kikuu huko Petersburg, Urusi. Mwaka 1869 alikuwa akiandika kitabu cha kemia kwa ajili ya wanafunzi wake. Zilijulikana elementi 63, naye alitafuta mpango wa kuzieleza asije akawatwika wanafunzi orodha isiyo na kichwa wala miguu. Alizipanga kwa uzito wa atomu, kuanzia nyepesi mpaka nzito, akaona kwamba baada ya hatua kadha wa kadha tabia zilezile hurudi, kama vile mwezi uandamavyo tena baada ya kupotea. Kila tabia iliporudi, alianza mstari mpya, ili zenye tabia moja zikae juu na chini katika safu moja.

Alipofika kwenye zinki alikuta taabu. Elementi iliyofuata kwa uzito, miongoni mwa zilizojulikana, ilikuwa aseniki. Kama angefuata zamu tu, aseniki ingekaa chini ya alumini. Lakini tabia ya aseniki haifanani na ya alumini hata kidogo, bali inafanana na ya fosforasi. Mtu mwingine angesema mpango umevunjika. Mendeleev aliiweka aseniki chini ya fosforasi, mahali pake pa haki, na nyuma yake akaacha vyumba viwili vitupu, akasema kwamba wenyewe wapo ila hawajagunduliwa. Tena hakuishia hapo. Aliandika sifa za wageni hao kabla hawajafika. Aliyekosekana chini ya alumini, alisema, atakuwa na uzito wa atomu karibu 68, na sentimita moja ya ujazo wake itakuwa na uzito wa gramu 6 hivi. Aliyekosekana chini ya silikoni atakuwa na uzito wa atomu 72, na gramu 5.5.

Fikiri hatari ya jambo hilo. Mwalimu ameweka jina lake rehani mbele ya wataalamu wa nchi zote, na kama vyumba vile vingebaki vitupu, angechekwa maisha yake yote.

Mwaka 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran aligundua metali mpya, akaiita galiamu. Alipoipima alipata gramu 4.7 kwa sentimita ya ujazo. Mendeleev alipopata habari aliandika kwamba metali hiyo ndiyo ile ya chumba chake chini ya alumini, na kwamba kipimo hicho si sahihi, yafaa irudiwe. Mfaransa aliisafisha zaidi, akapima tena, akapata 5.9. Mtu aliyekuwa Petersburg, asiyepata kuigusa galiamu, aliujua uzito wake kuliko yule aliyekuwa nayo mkononi. Mwaka 1879 ikapatikana skandiamu, ambayo pia alikuwa ameitabiri. Mwaka 1886 Clemens Winkler, huko Ujerumani, akapata gemaniamu, iliyostahili kukaa chini ya silikoni. Uzito wake wa atomu ni 72.6, na gramu zake ni 5.3.

Tangu mwaka 1894 zikaanza kupatikana gesi zisizoungana na kitu, kwanza argoni, na hadi mwaka 1898 heliamu, neoni, kriptoni na zenoni. Mendeleev hakuzitabiri hizi. Lakini zilipokuja, jedwali halikubomoka. Iliongezwa safu moja upande wa kulia, na zote zikaingia.

Lilibaki doa moja. Teluriamu ni nzito kuliko iodini (127.6 kwa 126.9), lakini Mendeleev aliitanguliza teluriamu, kwa kuwa iodini kwa tabia ni ndugu wa klorini. Alidhani kwamba teluriamu ilipimwa vibaya. Jawabu alilileta kijana wa Uingereza, Henry Moseley. Mwaka 1913, kwa kuchunguza miali ya eksirei inayotolewa na elementi mbalimbali, alionyesha kwamba zamu ya haki haifuati uzito, bali hufuata chaji ya kiini, ambayo sasa tunajua ni idadi ya protoni. Teluriamu ni ya 52, iodini ni ya 53. Kadhalika kobalti ni ya 27 na nikeli ya 28, ijapokuwa kobalti ni nzito kidogo kuliko nikeli. Moseley aliuawa vitani Gallipoli, Uturuki, mwezi wa Agosti 1915. Alikuwa na umri wa miaka 27.

5. KULISOMA JEDWALI LENYEWE

Sasa simama mbele ya karatasi ile ukutani. Mistari inayolala huitwa periodi, nayo ni 7. Safu zinazosimama huitwa makundi, nazo ni 18.

Periodi hukuambia idadi ya maganda. Sodiamu iko periodi ya 3, basi ina maganda matatu. Hili ndilo jibu la swali la mwanzoni. Neoni imelijaza ganda la pili, kwa hiyo elektroni inayofuata haina budi kufungua ganda jipya, na ganda jipya ni mstari mpya.

Kundi hukuambia elektroni za ganda la nje. Kundi la 1 lina moja, kundi la 2 lina mbili. Kutoka kundi la 13 mpaka la 18 ondoa 10, upate tatu, nne, tano, sita, saba na nane. (Heliamu ni mgeni katika kundi la 18. Ina mbili tu, lakini ganda lake limejaa, kwa hiyo tabia yake ni ya huko.) Kwa namna hii waweza kujua hata jinsi elementi itakavyoungana na hidrojeni. Kaboni ina nne, imepungukiwa na nne, basi atomu moja ya kaboni hushika hidrojeni nne. Nitrojeni hushika tatu, oksijeni mbili, florini moja. Hakuna haja ya kuyakariri haya manne mbalimbali.

Je, makundi ya 3 mpaka 12 yaliyo katikati? Kumbuka vile vitanda 10 vilivyosalia katika chumba cha tatu. Kutoka skandiamu, ya 21, mpaka zinki, ya 30, elektroni zinazoongezeka huingia ndani, si nje. Ganda la nje hubaki na elektroni mbili, na mahali pengine moja. Kwa kuwa nje hapabadiliki sana, elementi hizi zinafanana hata zikiwa bega kwa bega. Zote ni metali ngumu au ngumu kiasi, kama chuma, kobalti, nikeli na shaba. Mistari miwili iliyotengwa chini kabisa ina habari ya namna hiyohiyo, ila elektroni zake huingia ndani zaidi. Imewekwa huko chini kwa sababu karatasi haina upana wa kutosha.

Ukihesabu elementi katika kila periodi utapata 2, 8, 8, 18, 18, 32 na 32. Jumlisha. Jumla yake ni 118.

Kushoto na katikati hukaa metali, ambazo hutoa elektroni. Kulia juu hukaa zisizo metali. Kati yao pana mpaka wa ngazi, na juu ya ngazi hiyo wamo silikoni na gemaniamu, wasio huku wala huko, ambao kwa sababu hiyo hufaa sana katika redio na kompyuta.

Neno la alama. Sodiamu huandikwa Na, potasiamu K, chuma Fe, shaba Cu, dhahabu Au, risasi Pb. Hizi zatoka katika majina ya Kilatini: natrium, kalium, ferrum, cuprum, aurum, plumbum. Hizo kwa kweli lazima uzikariri. Ni chache.

6. NDUGU WA SAFU MOJA

Kushuka chini katika safu kuna maana yake. Lithiamu, sodiamu na potasiamu zote zina elektroni moja nje, na zote hupambana na maji. Lithiamu hutoa mapovu kwa utaratibu, sodiamu hukimbia juu ya maji ikivuma, potasiamu huwaka moto wa rangi ya zambarau. Sababu ni kwamba kadiri maganda yanavyoongezeka, ile elektroni ya nje huwa mbali zaidi na kiini, na kiini hushindwa kuishika. Mwalimu peke yake ndiye wa kuyaonyesha haya, kwa kipande kidogo kama punje ya mchele.

Ndugu wa safu moja hata ardhini huonekana pamoja. Jirani zetu wa Kivu, nchi ya Kongo, huchimba mawe yaitwayo koltani. Ndani yake mna niobiamu, ya 41, na tantalamu, ya 73. Tazama jedwali, utaziona katika kundi la 5, moja chini ya nyingine. Zinafanana sana hata mwaka 1809 mtaalamu mmoja mashuhuri wa Uingereza, Wollaston, alisema ni kitu kimoja, na ilikuwa mwaka 1844 zilipotenganishwa na Mjerumani Heinrich Rose.

Lakini ndugu hawa humdanganya hata mwili wa binadamu, na hapa nawaomba wale wanaotaka kuwa waganga wasome polepole. Kalsiamu, ya kundi la 2, ndiyo hujenga mifupa na meno. Chini yake imekaa strontiamu, yenye elektroni mbili nje vilevile. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 mataifa makubwa yalijaribu mabomu ya atomu hewani. Katika vumbi lake mlikuwa na strontiamu-90, isotopu inayotoa mionzi, na ambayo nusu yake huisha kwa muda wa miaka 29 hivi. Vumbi lilianguka juu ya majani, ng'ombe wakala, maziwa yakanywewa na watoto. Mwili wa mtoto unaojenga mifupa haukuweza kuitambua vema strontiamu na kuikataa. Uliipokea kana kwamba ni kalsiamu, ukaijenga mifupani. Huko St. Louis, Marekani, watu walikusanya meno ya utoto yaliyong'oka, wakayapima, wakaikuta humo. Habari hizo ziliwatia watu hofu kubwa, na mwaka 1963 Marekani, Uingereza na Urusi ya Kisoviet zilipatana kuacha majaribio ya hewani.

Kwa namna iyo hiyo seziamu-137, iliyomwagika Chernobyl mwaka 1986, hupokewa na mwili kama potasiamu iliyo juu yake katika kundi la 1. Na madaktari nao wamejua kuutumia udanganyifu huu kwa faida. Mgonjwa ambaye saratani imemwingia mifupani aweza kupewa strontiamu-89 ili apunguziwe maumivu. Haihitaji kuongozwa njia. Hufuata nyayo za kalsiamu mpaka mfupani.

7. MASWALI YA KUJIPIMA

Jibu bila kutazama kitabu. Tazama jedwali tu.

(1) Atomu moja ina protoni 12. Panga elektroni zake katika maganda, useme iko periodi gani na kundi gani.
(2) Rubidiamu iko chini ya potasiamu. Je, itapambana na maji kwa nguvu zaidi au kidogo?
(3) Atomu ya salfa hushika hidrojeni mbili. Seleniamu iko chini ya salfa. Itashika ngapi?
(4) Atomu mbili zina protoni 17 kila moja. Moja ina nyutroni 18, nyingine 20. Je, ni elementi mbili?
(5) Radiamu ni ya kundi la 2, chini ya bariamu. Katika miaka ya 1920 huko Marekani wanawake waliajiriwa kupaka namba za saa kwa rangi yenye radiamu, nao walizoea kuichonga ncha ya brashi kwa midomo. Radiamu hiyo ilikwenda kukaa wapi mwilini?

Majibu: (1) 2, 8, 2, periodi ya 3, kundi la 2. Ni magnesiamu. (2) Zaidi, kwa kuwa elektroni yake ya nje iko mbali zaidi na kiini. (3) Mbili. (4) La, zote ni klorini, ni isotopu. (5) Mifupani, kama kalsiamu. Wengi wao mifupa ya taya iliharibika, na wengine walikufa. Waliwaambiwa kwamba rangi ile haina madhara.

Aliyejibu la tano kwa kutazama safu tu ametabiri kwa njia ileile ya Mendeleev. Wadogo zangu, jifunzeni zile 20 za kwanza, lakini kila mnapotaja jina moja, ulizeni nani yuko juu yake, nani yuko chini yake, na lina elektroni ngapi nje. Mwenye swali anione saa ya kujisomea, meza ya mwisho karibu na dirisha.

Mwanafunzi wa kidato cha sita